Miezi Tisa Bila Kuketi

Vijana wa idara wameniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tukiwakaribisha wageni kazini. Wameniomba kwa heshima, nami nimestaafu na nina wakati, kwa hiyo sina pa kujificha. Ukweli ni kwamba hatukuwa tukimkaribisha mtu. Tulikuwa na utaratibu mrefu wa kumfanya mgeni ajutie kuja, na utaratibu huo ndio tuliouita makaribisho.

Kwa wale ambao hawakunikuta, naitwa Barasa. Kwa miaka thelathini na mitatu nilipandisha ng'ombe kwa mrija katika chama cha ushirika cha maziwa huku juu ya Molo. Kazi yenyewe ni rahisi kuielewa na ngumu kuieleza mbele ya wakwe. Mkulima akiona ng'ombe wake ana joto, yaani anataka fahali, anatuita, sisi tunafika na mbegu ya fahali bora iliyogandishwa ndani ya kijirija chembamba, na baada ya miezi tisa, kama kila mtu amefanya sehemu yake, kunakuwa na ndama. Wakulima walituita daktari. Hatukuwa madaktari, lakini sikumbuki hata mmoja wetu aliyewahi kuwasahihisha.

Mimi nilizaliwa Nakuru mjini, katika nyumba za reli, mtoto wa fundi wa karakana. Ng'ombe niliowajua utotoni ni wale waliopita ndani ya mabehewa wakinitazama kwa huruma. Nilipomaliza shule nikapata nafasi ya mafunzo ya wiki chache, nikapewa cheti, nikapanda kwenda Molo nikiwa nimevaa viatu vya ngozi vya kwenda kanisani. Ilikuwa Julai. Waliokanyaga matope ya Molo mwezi wa Julai wanajua viatu hivyo vilidumu muda gani.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya banda la kupokelea maziwa. Kulikuwa na jiko la makaa, misumari ya kutundikia makoti, mtungi mkubwa wa naitrojeni uliohifadhi mbegu pale pembeni, na benchi. Kwenye benchi waliketi wataalamu watatu wakinywa chai. Mkubwa wao alikuwa Mzee Kirui, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa kama miiko ya kusongea ugali wa harusi. Nilisalimia. Waliitikia. Nilipoinama nikae, Mzee Kirui akaweka kofia yake pale nilipokuwa nikielekea.

"Umewahi kuzalisha?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo kwanza nafika.

"Basi simama. Hapa watu hukaa wakiwa na ndama."

Nilidhani anatania. Hakuwa akitania. Kanuni ya ofisi ilikuwa kwamba mgeni haketi kwenye benchi mpaka ndama wake wa kwanza azaliwe. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa, na haiwezekani kumharakisha kwa sababu kuna kijana amechoka miguu. Nilikunywa chai nikiwa wima miezi tisa na wiki kadhaa. Hata leo nikishika kikombe najikuta nimeinuka.

Asubuhi hiyo hiyo Mzee Kirui alinituma kwa mtunza ghala nikamletee ufunguo wa fahali. Mtunza ghala akafikiri kidogo, akasema ufunguo aliuchukua mkulima mmoja aliye karibu na msitu. Yule mkulima akanikaribisha viazi vya kuchemsha, akasema ameupeleka kwa jirani yake. Jirani akanionyesha shamba jingine juu zaidi. Saa nane mchana nilikuwa nimetembea mashamba manne, viatu vimefumuka, ndipo mama mmoja aliyekuwa akichimba viazi akanihurumia. "Kijana," akasema, "fahali hana mahali pa kutia ufunguo." Baadaye niligundua kwamba mlima mzima ulijua mchezo huo na kila mtu alikuwa na zamu yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa huduma yetu ya kwanza kwa wakulima, nao waliipenda kuliko zote zilizofuata.

Siwezi kusema Mzee Kirui hakunifundisha. Alifundisha kwa kutosema. Mkono wa kushoto ukiwa umeingia nyuma ya ng'ombe hadi begani, ndani ya glavu ndefu ya plastiki, unatakiwa upapase uipate shingo ya kizazi, kisha kwa mkono wa kulia upitishe bunduki katikati yake bila kuchubua kitu. Bunduki tunaita kile chuma chembamba cha kupandishia, isije ikamtisha mtu. Nilimuuliza Mzee Kirui nitajuaje kwamba nimefika. "Utajua ukifika," akasema, akaenda zake kuongea na mwenye shamba kuhusu bei ya kabichi. Nilipapasa huku ng'ombe akinisukuma na ukuta ukinirudisha. Ilipofika wiki ya tatu ndipo siku moja vidole vikashika kitu kigumu kama shingo ya kuku, na kweli nikajua. Nilitaka kupiga kelele, ila nilikuwa na mkia usoni.

Jambo jingine alilonifundisha lilihusu ule mtungi. Naitrojeni ya majimaji ndiyo inayoifanya mbegu ikae imeganda, nayo hupungua kidogo kidogo kila siku mpaka gari la kujaza litoke Nakuru. Ikiisha, mbegu inakufa. Vitabu vinasema mtu apime kwa kutumbukiza rula. Mzee Kirui hakuwa na haja na rula. Aliukumbatia mtungi kama mtoto, akautikisa mara moja, akainamisha sikio, kisha akatoa hukumu: "Iko." Alipostaafu, sikio hilo nililirithi mimi. Kwa miaka mingi nilikuwa ndiye mtu anayesikiliza mtungi katika mlima ule, na sitaficha kwamba nilijisikia.

Miaka ya katikati nitaipita haraka. Nilitoka kwenye baiskeli nikapanda pikipiki. Nilipigwa teke mara tatu, mbili zikiwa za haki. Mzee mmoja wa upande wa Elburgon alikataa nimguse ng'ombe wake mpaka kwanza nimwonyeshe fahali. Nikamwonyesha kijirija. Akakitazama kwenye jua muda mrefu, akanirudishia, akasema, "Huyu amekonda sana." Ndama alipozaliwa akampa jina langu, nami sikujua kama ni shukrani. Tulipokea wageni sita au saba katika miaka hiyo. Wote walitafuta ufunguo, wote walinyimwa benchi. Wawili waliacha kazi kabla ya ndama wao kuzaliwa, na sisi tukasema, ona, hawakuwa na moyo. Haikutupitia akilini kwamba pengine walikuwa na akili.

Kisha akaja Chebet.

Alitoka chuoni Njoro, msichana wa miaka ishirini na minne, mwanamke wa kwanza kupandisha ng'ombe katika chama chetu. Wakati huo kwenye benchi tulikuwa wawili tu, mimi na Njuguna, mwenzangu wa miaka mingi, mtu mcheshi ambaye angeweza kumfanya hata ng'ombe acheke na ambaye hajawahi kukosea, kwa maelezo yake mwenyewe. Chebet aliingia, akasalimia, "Hamjambo wazee," akatazama benchi.

Njuguna akaweka kofia.

Tukamweleza kanuni. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza ni ya chama au ni yetu. Njuguna akasema ni ya kazi. Chebet akatoka nje, akarudi na kreti tupu la maziwa, akaligeuza, akaliweka pembeni karibu na mtungi na kuketi. Tukatazamana. Kanuni ilikataza benchi, haikusema kitu kuhusu kreti. Nilipomtuma ufunguo wa fahali alisema, "Sawa, mzee, nitamwomba fahali mwenyewe," akaendelea kuandika kwenye daftari lake. Makaribisho yakaishia hapo, na tukaona kwamba huyu ni mtu mwenye kiburi.

Aliandika kila kitu. Shamba gani, ng'ombe gani, mrija wa fahali yupi, na wiki tatu baadaye anapita kuuliza kama ng'ombe ameshika mimba au amerudi kwenye joto. Njuguna alimwita karani. Sisi tuliweka rekodi zetu kichwani, mahali ambapo matokeo mabaya hayadumu.

Ilikuwa mwaka wa mvua ndefu. Kuanzia mwezi wa nne hivi, ng'ombe walianza kukataa kushika. Walipandishwa, baada ya wiki tatu wakarudi kwenye joto, wakapandishwa tena, wakarudi. Wakulima wa kwetu wana adabu. Barasa akishindwa mara mbili, hawamlaumu, wanamwita Njuguna. Njuguna akishindwa wanamwita Barasa. Kwa hiyo mimi nilikuwa nikiwakuta ng'ombe walioshindikana kwa Njuguna, nikitikisa kichwa kwa huruma, na yeye alikuwa akiwakuta wangu. Kila mmoja wetu aliamini mwenzake ameanza kuzeeka. Kwa wakulima tulisema ni madini, ni nyasi za mvua, ni nyinyi mnachelewa kutuita. Tulikuwa na sababu nyingi nzuri, zote za upande wao wa ua.

Chebet naye wake hawakushika. Huyo hatukumtafutia sababu. Tulisema mkono wake bado mgeni.

Siku moja wakati wa chai alisema, kutoka kwenye kreti lake, "Mzee Barasa, hii mtungi inatoa barafu shingoni. Nimeiangalia hizi wiki zote. Asubuhi inakuwa nyeupe kabisa hapa nje."

"Ni baridi yake hiyo," nikamwambia. "Ndiyo inaonyesha ni mzima."

"Tulifundishwa kwamba baridi ikitoka nje, ukuta wa ndani umeharibika. Naitrojeni inaisha mbio. Tungepima na rula."

Njuguna akacheka mpaka akamwaga chai. Mimi sikucheka. Niliinuka, nikaukumbatia mtungi mbele yake, nikautikisa, nikainamisha sikio. Nikasikia kitu. Nawaambia ukweli wenzangu, sikujua nilichosikia. Ilikuwa miaka mingi tangu nijue. "Iko," nikasema.

Hapo lazima nimlete Mama Wangui. Alikuwa mjane, ana shamba dogo chini ya barabara ya kwenda Mau Summit, viazi kidogo na ng'ombe mmoja, mweusi mwenye baka jeupe kifuani, aliyeitwa Malkia. Kwa maziwa ya Malkia alikuwa amesomesha watoto wawili na wa tatu alikuwa kidato cha pili. Nilimpandisha Malkia mara tatu mwaka huo, mimi mwenyewe, kwa sababu Mama Wangui hakutaka mtu mwingine. "Wewe ndio ulileta hawa wote," alikuwa akisema, akimaanisha ndama wote waliozaliwa pale. Mara ya tatu Malkia aliporudi kwenye joto, maziwa yalikuwa yamekauka. Mama Wangui alinisubiri langoni.

"Daktari, niambie tu. Hii ng'ombe yangu imefika mwisho?"

Nilivaa glavu nikampima Malkia. Sikupata kasoro yoyote, na hilo lingenitosha kunyamaza. Lakini mtaalamu akiulizwa swali huona aibu kutokuwa na jibu. Nikavua glavu nikasema, "Kizazi kimechoka, mama. Huyu atakula nyasi bure. Afadhali umuuze mapema kabla hajakonda."

Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimefanya kazi hii tangu kabla msichana wake hajazaliwa. Wiki hiyo hiyo Malkia alipakiwa kwenye pikapu ya wachinjaji.

Malalamiko yalipofika kwa kamati ya chama, tuliitwa sote watatu. Mwenyekiti alikuwa mkulima, mtu mpole aliyekuwa na ng'ombe wanne waliokataa kushika. Akatuuliza shida iko wapi. Njuguna akasema bila kusita kwamba malalamiko yalianza tangu ofisi iletewe mkono mgeni. Chebet akafungua daftari, akasema anaweza kuonyesha ng'ombe wa kila mmoja wetu. Mwenyekiti akamwambia angoje, akanigeukia mimi. "Mzee Barasa, wewe ndiye mkubwa pale. Unaonaje?"

Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi. Badala yake nikasema, "Bado anajifunza."

Walimpa mwezi mmoja. Ng'ombe wasiposhika, aende. Tulipotoka nje alinipita bila kunitazama, akawasha pikipiki yake, ikakataa mara mbili, ikakubali mara ya tatu. Njuguna akanipiga begani, akasema tumeokoa jina la idara.

Siku tatu baadaye Chebet aliniita nje ya ofisi, mahali pa kuoshea mikebe ya maziwa. Alikuwa ametoka Njoro. Alikuwa amebeba mirija kumi kutoka kwenye mtungi wetu, kwenye chupa yake ndogo ya naitrojeni, akampelekea mwalimu wake wa zamani waitazame kwa hadubini.

"Mirija kumi, mzee," akasema. "Hakuna kitu kinatembea. Zote zimekufa. Mwalimu alidhani nimemletea maji."

Nikamuuliza kama alizipasha joto vizuri. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama hiyo hadubini ni nzima. Akanitazama, na sikuona hasira. Ningeipenda hasira.

"Mtungi unakauka siku tatu nne kabla ya gari la Nakuru kuja," akasema. "Wakijaza, mbegu inaganda tena, lakini ishakufa. Inaonekana tu sawa. Nimekuambia wewe kwanza, sijaenda kwa mwenyekiti, kwa sababu wewe ndio mkubwa. Ukitaka, sema wewe."

Nikamwambia nitafikiria. Hebu fikirieni jibu hilo. Msichana ambaye nilikuwa nimemtupa shimoni siku tatu zilizopita alikuwa amerudi kuniletea ngazi, nami nikamwambia nitafikiria.

Jumapili, baada ya kanisa, nilikwenda ofisini peke yangu na ufunguo wangu, nikiwa bado na suti. Gari la Nakuru lilikuwa lije Jumanne. Rula ilikuwa pale pale juu ya kabati, mpya, ndani ya karatasi yake ya kiwandani, kwa sababu haikuwa imetumika tangu mtungi ununuliwe. Nikaitumbukiza hadi chini, nikahesabu polepole kama vitabu vinavyosema, nikaitoa. Mahali palipozama kwenye naitrojeni huota barafu nyeupe, na urefu wa barafu ndio kipimo. Niligeuza rula kila upande. Hakukuwa na barafu hata ncha.

Nikaukumbatia mtungi, sijui kwa nini, nikautikisa na kusikiliza. Na nawaapia, nilisikia kama zamani. Kilichokuwa kikilia ndani ni vikopo vya mirija vikigongana.

Niliketi kwenye benchi kwa muda. Nilimfikiria Mzee Kirui, kama sikio lake kweli lilikuwa likisikia au naye alikuwa akikisia tu. Halafu nikaona kwamba najaribu kumpa yeye sehemu ya mzigo, na yeye alikuwa amekwisha kufa.

Jumatatu nilikwenda kwa mwenyekiti kabla ya chai. Nilimwambia mtungi umeharibika, mbegu zote zimekufa, na msichana alisema tangu zamani nami nikakataa kupima. Akauliza tangu lini. Nikasema daftari la Chebet linajua, mimi sijui. Hilo ndilo lilikuwa neno gumu kuliko yote niliyowahi kutamka katika kazi, na lilipotoka halikuua mtu. Mtungi ulibadilishwa. Ng'ombe wakaanza kushika, wa mkono mgeni na wa mkono mzee sawasawa. Njuguna hakuniongelesha mpaka Krismasi, akisema nimeuza idara. Kisha siku moja akaniomba nimwonyeshe namna ya kusoma rula, kwa sauti ya chini, kana kwamba ananiomba dawa ya aibu.

Ndama wa kwanza wa Chebet alizaliwa mwaka uliofuata. Asubuhi hiyo Njuguna aliondoa kofia yake kwenye benchi na kusogea. Chebet akamshukuru, akaketi kwenye kreti lake. Akasema pale pana joto la jiko. Tukabaki sisi wawili kwenye benchi, kila mmoja amejibana mwishoni, na nafasi ya mtu wa tatu iko wazi katikati yetu. Nyinyi mliokuja baadaye, aliyewapokea ni yeye. Mlipewa kiti siku ya kwanza, mkaonyeshwa rula, na mkaambiwa muulize. Mkishangaa kwa nini sisi wazee tulikuwa tukiwatazama kwa wivu, sasa mnajua.

Lakini sijamaliza, kwa sababu nilikuwa bado sijaenda kwa Mama Wangui.

Ilinichukua wiki tatu tangu ile Jumapili ya rula. Kila siku kulikuwa na sababu: mvua, simu, ng'ombe wa mtu fulani. Nilikuwa nikiipita njia yake nikiwa naongeza mwendo. Hatimaye nilikwenda Jumamosi mchana. Alikuwa akichambua viazi vya mbegu barazani. Alifurahi kuniona, akasimama, akafuta mikono, akaingia jikoni kabla sijasema kitu. Zizi lilikuwa tupu, limefagiliwa, na ndani yake alikuwa ameanika mahindi.

Akarudi na birika na vikombe viwili. "Ni strungi, daktari," akasema akinimiminia. "Utanisamehe. Maziwa siku hizi hakuna."

Nilikunywa. Kisha nikamweleza yote, mtungi, barafu, rula, mirija kumi. Nilieleza kitaalamu sana. Aliniacha niongee mpaka maneno yakaisha, akauliza kitu kimoja tu.

"Kwa hivyo Malkia alikuwa mzima."

"Alikuwa mzima, mama."

Akachukua kiazi, akakigeuza, akakiweka kwenye rundo la vilivyooza, kisha akakitoa akakiangalia tena. "Na wewe ulijua lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Safari hii sikutunga jibu. Msichana wake, yule wa kidato cha pili, alipita na ndoo ya maji, akanisalimia kwa adabu, akiniita daktari. Nilikuwa nimesikia kwamba amekaa nyumbani muhula mzima.

Nilipofika kwangu nilimsimulia mke wangu. Nikamwambia angalau nimeomba msamaha. Nekesa hakuinua macho kwenye mboga alizokuwa akikata. "Sasa hiyo samahani yako ataikamua?" akasema.

Sisi tulikuwa na mtamba, wa miezi kumi hivi, binti wa ng'ombe wetu bora, mwekundu, mpole. Wiki iliyofuata nilimfunga kamba nikampeleka kwa miguu, mimi na Nekesa, mwendo wa saa mbili na nusu, kwa sababu sikutaka kumpakia kwenye pikapu. Mama Wangui alimzunguka mara mbili, akamshika masikio, akamtazama miguu. Hakusema asante na sikuingoja. Alisema, "Ana mgongo mzuri," akaenda kutoa mahindi zizini.

Malkia hakurudi, na muhula wa yule msichana haukurudi pia, ingawa shuleni alirudi na akamaliza, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Nayasema haya ili msije mkadhani mtamba alisawazisha mambo.

Miezi saba ikapita. Asubuhi moja nikiwa navaa mabuti simu ikalia, nikaona jina la Mama Wangui. Alikuwa hajanipigia tangu siku ile.

"Daktari, habari ya asubuhi."

"Nzuri, mama. Na ya huko?"

"Huku kuzuri. Ile mtamba iko kwa joto tangu alfajiri. Inapanda mpaka ukuta."

"Nakuja sasa hivi, mama," nikasema, na mkono mmoja tayari ulikuwa ukitafuta koti. "Nusu saa nitakuwa hapo."

Nilimsikia mtamba akilia nyuma yake.

"Hapana, wewe kaa," akasema kwa upole. "Nilikuwa nataka tu namba ya Chebet."

Nikavua buti moja, nikaketi kitandani, nikamsomea namba. Nilimsomea taratibu, tarakimu moja moja, kisha nikamwomba airudie ili nihakikishe ameandika vizuri.